Mjamzito asipelekwe mazoezini na njaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wote wanaowahimiza wajawazito kufanya mazoezi, na pia na waume zetu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Nina miaka 31, na ninapoandika barua hii nina mimba ya miezi 7, ambayo ni ya tatu. Ukurasa wenu wa afya nausoma kila ninapolipata gazeti, hata likiwa la juzi. Mmeandika zaidi ya mara moja kwamba mjamzito asikae tu kama mgonjwa, atembee, anyooshe viungo. Mmesema kweli na nawashukuru. Lakini kuna swali ambalo sijaona likiulizwa. Huyo mama anayeambiwa atoke kutembea alfajiri, amekula nini?

Nieleze kwanza jinsi tulivyoanza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Sisi wanawake wa mwaloni tukabaki mikono mitupu. Chanja zilikuwa tupu, mabeseni yamefunikwa, na mwili uliozoea kuamka saa 10 usiku kuwahi mitumbwi haukukubali kulala hadi jua litoke. Wenzangu wanne wakaanza kutembea asubuhi, wiki iliyofuata tukawa tisa, baadaye tukapita kumi. Ziwa lilipofunguliwa tulikubaliana kwamba hatuachi. Siku za giza, kazi inapokuwa nyingi, tunatembea jioni. Siku za mbalamwezi mitumbwi hulala, kwa sababu mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazina nguvu ya kuvuta dagaa, na hizo ndizo siku zetu za kutembea alfajiri. Tunatoka Kibirizi, tunapita mjini, tukifika stesheni ya reli tunashika barabara ya kupanda Mwanga. Hadi stesheni ni mwendo wa maongezi tu. Shughuli iko kwenye ule mpando.

Mwaka huu tulipata kijana wa kutuelekeza, kutoka kikundi kimoja cha jogingi. Simtaji, na sina ugomvi naye, kwa kuwa ametufundisha mengi mazuri ya kunyoosha mgongo na nyonga, na kwetu sisi tunaoinama siku nzima kugeuza dagaa hiyo ni dawa. Ila alikuja na neno moja ambalo wote tulilipokea bila kuuliza: mazoezi ya asubuhi yafanywe tumbo likiwa tupu, ndipo mafuta yanaungua. Unakunywa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye limao, basi, unatoka. Kwa anayetaka kupunguza mwili labda hilo ni lake na daktari wake. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi 5, na ndani ya dera ilikuwa haijaonekana sana. Yeye hakuuliza kama kuna mjamzito kati yetu, nami sikusema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Usiku wake nilikula saa 1, ugali kidogo na mchicha, nikalala mapema. Saa 11 alfajiri nikaamka, nikanywa yale maji ya limao, tukatoka. Hadi stesheni nilikuwa mzima, nacheka na wenzangu. Tulipoanza kupanda nikahisi jasho, lakini halikuwa jasho la joto. Lilikuwa la baridi, linatoka nyuma ya shingo na kwenye viganja. Mikono ikaanza kutetemeka kama ya mtu aliyebeba ndoo muda mrefu. Nikasema nitavumilia hadi mwembe ule pale mbele. Masikio yakaanza kuvuma, sauti za wenzangu zikawa zinatoka mbali, na ule mwembe niliokuwa nautazama ukafunikwa na giza kuanzia pembeni kuja katikati. Nilichokumbuka ni kushika tumbo kwa mikono miwili. Magoti yakaisha nguvu, nikakaa chini barabarani, na ni Mungu tu kwamba sikuanguka kifudifudi.

Palikuwa na mama mmoja muuza mihogo, ndiyo kwanza anawasha mkaa. Aliacha jiko lake akaja. Hakuniuliza kama naumwa. Aliuliza, "Mwanangu, umekula?" Nikamwambia, "Bado, mama." Akaangalia tumbo langu, akanyamaza, akarudi kuchukua chupa yake ya chai. Akanimiminia chai yenye sukari, akamenya ndizi mbivu akanipa kipande kimoja kimoja kama anavyolishwa mtoto. Baada ya kama robo saa dunia ikarudi mahali pake. Mtoto akacheza tumboni. Nililia palepale mbele za watu, na wala sikuona aibu.

Siku hiyohiyo nilikwenda kliniki. Nesi alinipima presha, akapima sukari, ikawa sawa kwa sababu nilikuwa nimeshakunywa chai na kula ndizi, akapima na wingi wa damu, ikawa 9.8. Akaniambia wao wanapenda isipungue 11 kwa mjamzito. Kisha akaniuliza kama yule mama wa mihogo, "Dada, jana usiku ulikula saa ngapi?" Nilipomwambia, akahesabu kwa vidole: kutoka saa 1 usiku hadi muda ule nilipokaa chini, ni zaidi ya saa 11 bila chakula. Akasema mambo mawili yalikutana juu yangu, upungufu wa damu na njaa, kisha nikayapandisha yote mawili kilimani.

Nataka nieleze alivyonifafanulia, maana nimezaa mara mbili na sikuwahi kuambiwa. Mtoto tumboni hasubiri asubuhi. Anachukua sukari kutoka kwenye damu ya mama usiku kucha, kupitia kondo la nyuma, wewe ukiwa umelala. Mtu asiye na mimba akilala na njaa, akiba iliyo kwenye ini humfikisha mbali. Mjamzito akiba hiyo inapungua haraka zaidi, na sukari ya damu yake asubuhi huwa chini kuliko ya mwenzake asiye na mimba. Mwili ukiona hivyo unaanza kuchoma mafuta mapema, jambo ambalo kwa mtu wa kupungua ni furaha, kwa mjamzito ni alama kwamba chakula kimeisha. Sasa juu ya hapo umpe kilima. Misuli ya miguu nayo inadai sukari ileile, iliyokwisha kugawanywa na mtoto. Hapo ndipo jasho baridi linapotokea.

Hakuniambia niache mazoezi. Nasisitiza hili kwa sababu nikisimulia kisa changu wengi wanakimbilia kusema, "Si unaona, mjamzito atulie nyumbani." Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mjamzito asiye na tatizo la kumzuia afanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki. Ukizigawanya ni nusu saa kwa siku 5. Wastani maana yake unaweza kuongea ukiwa unatembea. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Kutembea kunasaidia sukari ya mimba, presha, mgongo, usingizi na hata moyo wa mtu. Mimi mwenyewe miguu ilikuwa inavimba kwenye mimba ya pili nikiwa nakaa tu, safari hii haivimbi hivyo. Ninachokipinga ni njaa.

Basi mtu ale nini? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu tukisikia "lishe bora" tunafikiria vitu vya dukani, maziwa ya kopo na juisi za boksi, tunakata tamaa. Kigoma hatuna sababu ya kukata tamaa kwa chakula. Tuna ndizi, tuna viazi vitamu, mihogo, maharage, karanga, parachichi zinazoshuka kutoka Kasulu na Buhigwe, mawese mekundu, na dagaa ambao watu wa mikoa mingine wanawaagiza kwetu kwa magunia.

Nilichojifunza kwa kujipima mwenyewe, baada ya yale ya nesi, ni kwamba kabla ya kutembea mwili unataka kitu kidogo, chepesi, kinachotoa nguvu upesi, na kando yake kitu kidogo cha kuishikilia nguvu hiyo isiishe njiani. Jioni tunachemsha viazi vitamu na maganda yake, tunavifunika. Asubuhi namenya kimoja cha ukubwa wa ngumi. Kando yake nina dagaa wachache niliowakaanga wakawa wakavu, ambao nawaweka kwenye kopo lenye mfuniko. Unamtafuna dagaa mzima, kichwa na mifupa, ndani yake kuna protini na madini ya chokaa ya mifupa ya mtoto. Kiazi kimoja, dagaa kama kumi, maji glasi moja. Nikila hivyo saa 11, nikatoka saa 11 na nusu, napanda Mwanga na kushuka bila kutetemeka. Siku ambayo sina kiazi nakunywa kikombe cha uji wa ulezi wenye unga wa karanga, au nakula ndizi mbivu na karanga za kiganja kimoja. Ndizi moja haimshindi mtu.

Andazi na chai ya rangi nilijaribu pia, maana ndicho chakula kilicho karibu. Tumbo linajaa, lakini kabla hujafika juu njaa imesharudi. Na chai ina lake jingine. Nesi aliniambia kwamba chai au kahawa ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri, na mimi nilikuwa namezea chai vidonge vyangu vya kuongeza damu kila asubuhi. Siku zote hizo nilikuwa najenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa wa kushoto. Sasa navimeza kwa maji, nakula chungwa au pera, kwa kuwa matunda yenye vitamini C yanasaidia chuma kuingia, na chai nimeisogeza mbali, katikati ya asubuhi. Kipimo cha mwezi uliopita damu ilikuwa 11.2.

Mlo mzito ni habari nyingine. Ukila maharage yaliyoungwa kwa mawese na ugali ukashiba, subiri saa moja na nusu hadi saa mbili kabla ya kutembea, vinginevyo kiungulia kitakufanya ujute. Mjamzito tumbo lake la chakula limebanwa na mtoto. Kile chepesi, nusu saa hadi saa moja kinatosha. Na ukirudi unakula tena, sasa kile kifungua kinywa chenyewe, cha kukaa chini. Mtu asidhani ndizi ya alfajiri imemaliza.

Maji nayo. Mtu anadhani kwa sababu tunatembea kando ya ziwa na upepo wake hatutoki maji mwilini. Tunatoka. Nabeba chupa, maji ya kuchemsha, nakunywa funda mbili tatu kila tunapopumzika. Ya ziwani hapana, kipindupindu tunakifahamu hapa kwetu.

Kuna mwenzetu mimba yake ilikuwa changa, ya miezi miwili, kila akiamka anatapika. Yeye kula kabla ya kutoka kulikuwa mateso. Mama mkwe wangu ndiye aliyempa njia: aweke kipande cha mkate mkavu au muhogo mkavu kando ya kitanda, akitafune taratibu kabla hajainua kichwa kwenye mto, asubiri, ndipo aamke. Ilimsaidia siku nyingi. Siku ambazo haikumsaidia hakuja kutembea alfajiri, alikuja jioni tumbo likiwa limetulia, na hakuna aliyemcheka.

Na kwa kuwa nimemtaja mama mkwe, niseme ukweli kwamba yeye mwenyewe mwanzoni alikuwa upande wa pili. Alinilea vizuri kwenye mimba zote, lakini alikuwa ananipunguzia chakula kwa upendo. Alikuwa akisema, "Mwanangu, ukila sana mtoto atakuwa mkubwa, utapasuliwa." Mayai ndiyo kabisa hakutaka niyaguse, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Sikutaka kubishana na mtu mzima. Nilikwenda naye kliniki, nesi akamwekea kiti, akamwambia, "Mama, huyu hali kwa ajili ya kunenepa." Akamweleza kwamba miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza kubwa, lakini kuanzia mwezi wa nne inakadiriwa mjamzito anahitaji kama kalori 340 zaidi kwa siku, na miezi mitatu ya mwisho kama 450. Mama akauliza hizo kalori ni debe ngapi. Nesi akamjibu kwa lugha ya jikoni: ndizi mbivu mbili na karanga za kiganja kimoja juu ya chakula cha kila siku, hiyo ndiyo 340 kwa makadirio. Mama akatazama kiganja chake, akasema, "Kumbe ni hicho tu?" Tangu siku ile yeye ndiye anayechemsha viazi, na mayai nakula.

Ndugu Mhariri, ninaposema mazoezi nisieleweke kwamba nasemea wenye viatu vya michezo tu. Njoo Kibirizi alfajiri ya siku za giza. Mitumbwi inaingia, tunakimbilia majini hadi magotini, mtu anapokea ndoo, anaipandisha kwenye mchanga, anamwaga, anatandaza kwa mikono miwili akiwa ameinama, dagaa wanang'aa kama sindano. Anarudi tena. Wengi wetu hapo hatujaweka kitu mdomoni tangu jana, na katika hao huwakosi wajawazito. Wengine wanachotafuna ni udongo. Siwalaumu, ile hamu naifahamu, lakini udongo si chakula, unazuia madini ya chuma na unaweza kuleta minyoo. Kazi ile inamaliza nguvu kuliko mpando wa Mwanga. Anayelima Kasulu, anayekamua mawese, anayechota maji bondeni, wote hao mwili unadai kitu kabla ya jembe au ndoo, hata kama hakuna aliyeiita kazi yao mazoezi.

Halafu nenda palepale jioni uangalie wanaume. Kabla mtumbwi haujasukumwa, ugali wa muhogo umeshasongwa, umesimama kama kichuguu, na sufuria ya migebuka iko kando na mchuzi wa mawese. Wanakula wakiwa wamelizunguka sinia, hawaharakishi. Nahodha hakubali kijana aingie ziwani na njaa, anajua usiku wa manane nyavu zitavutwa na mikono ya nani. Mume wangu ni mvuvi. Nilimuuliza, "Mbona nyie mkienda kazini mnakula kwanza, na mimi mwenye watu wawili ndani ya mwili mmoja natoka na maji ya limao?" Alikaa kimya muda. Asubuhi iliyofuata, kabla hajalala, alikuwa amenimenyea kiazi.

Hilo ndilo ninaloomba kwa waume. Mke mjamzito anaamka wa kwanza, anawasha moto, anawaandalia watoto wa shule, anakula wa mwisho kama kimebaki. Muwekeeni kitu tangu usiku. Kiporo cha ndizi kilichohifadhiwa vizuri na kupashwa moto kikachemka ni bora kuliko ahadi ya nyama mwisho wa mwezi.

Kwa wanaoongoza vikundi vya mazoezi, ambavyo sasa viko kila mtaa, naomba mnapopanga watu mstari muulize kabla ya kuhesabu moja, mbili: nani ana mimba, na nani hajala. Mkiwa na mjamzito msimwambie achome mafuta. Msimlaze chali muda mrefu mimba ikishakuwa kubwa, uzito wa tumbo unabana mshipa mkubwa wa damu. Akisema amechoka, amechoka. Na akiwa na kisukari, hasa anayechoma insulini, asipange chakula na mazoezi kwa kusikia barua yangu, apange na daktari wake. Vivyo hivyo aliyeambiwa kondo limekaa chini, aliyefungwa mlango wa kizazi, mwenye kifafa cha mimba au presha inayoelekea huko, mwenye upungufu mkubwa wa damu; hao watembee au wasitembee kwa neno la kliniki. Damu ikitoka, maji yakivuja, kichwa kikiuma kwa nguvu, kifua kikibana, au ukisikia kizunguzungu kama changu, unaacha hapohapo, huwamalizii wenzio safari.

Mwezi wa Ramadhani wenzetu wengi wa upande wa Ujiji wanafunga. Aliyefunga hatumchukui alfajiri wala alasiri, anasubiri baada ya futari. Na mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto dini yenyewe imempa ruhusa ya kutofunga akalipa baadaye. Azungumze na sheikh na nesi, asijifiche.

Kwa manesi nina ombi la unyenyekevu, kwa sababu najua walivyo wachache na foleni ilivyo ndefu. Ile elimu ya asubuhi mnayotupa kwenye mabenchi kabla ya kupima, ingieni na hili. Mnatufundisha chandarua, vidonge, dalili za hatari, kujiandaa kujifungua. Ongezeni dakika tano za chakula cha kabla ya kazi na mazoezi. Hata pale benchini ukituuliza nani amekunywa uji, utaona mikono michache, maana tumeamka saa 10 kuwahi namba. Wapo wanaotoka mbali, kwa miguu, na mimba ya miezi 8, na tumbo tupu. Hiyo nayo ni safari ya mazoezi, ingawa hakuna aliyewapigia filimbi.

Nanyi gazetini, mkiandika tena habari ya mjamzito kutembea, nawaomba mstari mmoja tu juu ya picha ya mama mwenye viatu vya michezo: amekula kabla ya kutoka.

Yule kijana wetu wa mazoezi nilimfuata nikamweleza yaliyonipata. Aliumia, akaniomba radhi, akasema alifundishwa hivyo na hakuna aliyemfundisha habari za wajawazito. Siku hizi akifika kwenye kundi swali lake la kwanza ni "Nani hajala?", na ukinyamaza anakuangalia usoni. Jumamosi hii mwezi utakuwa mkubwa, mitumbwi italala. Tutakuwa wanawake kumi na wawili, watatu kati yetu wajawazito. Ijumaa jioni mama mkwe atachemsha sufuria ya viazi, mimi nitabeba ndizi na kopo la dagaa, na tumeshamwambia yule mama wa mihogo pale kwenye mpando kwamba tutapita kwake.

Wako,
Mama wa watoto wawili na wa tatu njiani,
Kibirizi, Kigoma.